Kamba Nyekundu Mguuni mwa Nahodha

Amefariki nahodha wa boti aliyekuwa jirani yetu hapa Kariakoo, nyumba ya pili kutoka kibanda changu cha vitenge. Kisukari kimemchukua, akiwa kitandani kwake, mkewe amemshika mkono. Nasema kitandani kwa makusudi, maana alikuwa majini tangu ujana wake na bahari haikumpata. Mnaonisoma mnajua sina maneno ya asali, na marehemu mwenyewe hakuwa mtu wa asali. Alikuwa na majivuno. Alivaa miwani ya jua hata akiwa ndani kwangu anachagua kitenge cha mkewe, manukato yake yanaingia dukani kabla yake, na akikusema, umesemwa. Lakini mwanangu yuko hai kwa sababu yake, kwa hiyo leo nashukuru. Hasira zangu nina pengine pa kuzipeleka, mtapaona.

Kwa ambao hamjapanda zile boti ndogo za faiba, mashine inakaa nyuma, na nahodha anaishika kwa mkono kuiongoza. Kwenye mashine kuna kamba nyekundu iliyojikunja kama waya wa simu za zamani. Ncha moja inachomekwa kwenye mashine, ya pili anajifunga nahodha mguuni. Akitupwa majini, kamba inachomoka na mashine inazima hapohapo. Asipojifunga, boti inaendelea kukimbia haina mwenyewe, inawatupatupa abiria, inazunguka na kurudi palepale alipoangukia, na lile panga la mashine linaloisukuma linazunguka chini ya maji. Wenzake pale Feri walimcheka kila siku. "Umefungwa kama mbuzi wa Idi!" Naye hakuwa mtu wa kunyamaza. "Mbuzi wa Idi anafungwa achinjwe, mimi nimejifunga nisichinjwe. Haya cheka, lakini funga mdomo kidogo, meno yenyewe mabovu."

Siku ninayoikumbuka ni ya Idi kweli. Tulikuwa tunaenda kisiwani kula sikukuu, mimi, shangazi yangu, mwanangu akiwa bado mdogo wa kubebwa, na familia nyingine mbili. Tumeshakaa, majaketi ya kuokolea tumevaa, pilau liko kwenye hotipoti, nahodha anajipapasa mifukoni. Kamba haipo. Alikuwa amebadili suruali kwa ajili ya sikukuu, kamba imebaki kwenye ile ya kazi, nyumbani. Akapiga simu iletwe na bodaboda, akakunja mikono. Jua linatuwakia.

"We baba," shangazi akaanza, "kwani boti inaendeshwa kwa kamba? Pilau linapoa!"

"Shangazi, pilau likipoa linapashwa moto. Ukipoa wewe, nani atakupasha?"

Boti nzima ikacheka, isipokuwa shangazi. Kijana mmoja akasema kama nahodha anaogopa, yeye ataendesha. "Kaa chini kabla sijakushusha," akajibiwa. Kamba ilipofika, akajifunga chini ya goti, akawasha, halafu akaivuta makusudi. Mashine ikazima. Akairudishia, akawasha tena, ndipo tukaondoka na shangazi amenuna.

Katikati ya safari ikapita boti kubwa ya abiria, na mawimbi yake yakatufikia kwa ubavu. Nahodha alikuwa amenyanyuka kidogo kutazama mbele. Tulisikia kishindo tu, kugeuka, nyuma hakuna mtu. Na mashine kimya. Boti ikasita, ikaanza kubembea polepole kama imechoka, nami nimemkumbatia mwanangu mpaka akalia kwamba namuumiza. Kichwa cha nahodha kikaibuka karibu kabisa na boti, pale ambapo tungerudi kumkata kwa panga kama mashine ingekuwa inanguruma. Yule kijana akamvuta ndani. "Mtoto yupo?" ndilo neno lake la kwanza. La pili lilikuwa, "Miwani yangu mpya imekwenda!"  Shangazi akavua kanga yake ya juu, akampa. "Jifute, baba."

Sasa hasira yangu. Msibani, wanaume wamerudi kutoka kuzika, kahawa inapita chini ya turubai, kijana mwingine, aliyerithi ile boti, ananionyesha video kwenye simu yake. Anaikimbiza mpaka pua imenyanyuka, mkono mmoja hewani. Na kamba? Ameichomeka, halafu ile ncha ya mguuni ameifunga kwenye mashine yenyewe. "Kamba ya marehemu, dada. Sijaitoa, namuenzi." Nikamuuliza, "Kwa hiyo itazima siku ikianguka mashine?" Akasema inambana mguu. Inambana! Marehemu hata udongo wake haujakauka. Halafu nikajiambia, huyu kajifunzia wapi kama si kwetu? Helmeti ya bodaboda inaning'inia kwenye kiwiko. Mkanda wa gari unafungwa nyuma ya mgongo ili gari lisipige kelele. Mtungi wa kuzimia moto dukani umefukiwa na marobota ya mitumba. Vitu tunavyo vyote, na tumevifunga mahali ambapo haviwezi kutusaidia.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Feri na shangazi na mwanangu, boti ileile, kijana yuleyule. Nilisimama ndani ya maji mpaka magotini, nimemshika mwanangu mkono, nikakataa kupanda. Abiria wakanizomea, jua kali, mama unatuchelewesha. Sikujali, na wewe usijali siku hiyo ikikufika. Kabla hujampandisha mtoto, tazama mguu wa nahodha, na ukiwa hauna kamba, bakini nchi kavu. Kijana akasonya, akaifungua kamba kwenye mashine, akajifunga chini ya goti, akaivuta. Mashine ikazima. Ndipo nikapanda.

"Mbuzi wa Idi huyo!" mtu akapaza sauti kutoka boti ya jirani. Kijana akainamisha uso. Shangazi akamjibia.

"Chekeni tu. Huyu tunarudi naye."