Kwaya Iliyoganda Sebuleni Kwetu

Baba yangu ndiye aliyeianzisha kwaya ya usharika wa kijijini kwetu, kwenye vilima vya Iringa, akaifundisha miaka yote ambayo mimi nilizaliwa, nikasoma, nikaolewa na kuhamia Mbeya. Aliacha pale macho yake yalipoingia ukungu, akawa anawanyooshea mkono watu wa sauti ya nne akidhani ni wa sauti ya pili, nao kwa heshima wanaingia.

Mwaka kwaya ilipotimiza miaka hamsini, tulimleta Mbeya atibiwe macho. Upasuaji ulikwenda vizuri. Daktari alimpa miwani myeusi na masharti: asiiname, asibebe kitu kizito, na asipande basi mpaka wamwone tena. Siku ya kuonwa tena iliangukia wiki moja baada ya jubilei.

"Nimewaongoza nikiwa na homa," alisema tulipotoka hospitali. "Nimewaongoza mguu ukiwa kwenye plasta. Sasa wanafanya sherehe, mimi nimekaa Mbeya nimevaa miwani kama mwizi wa mabasi."

Dada yangu, aliyebaki kijijini, alinipigia kunituliza. Ibada itarushwa mubashara mtandaoni, akasema, baba ataangalia kwenye simu. Lakini baba akishika simu huinama mpaka pua inagusa kioo, na kuinama ndiko alikokatazwa. Mume wangu akasema hakuna shida. Televisheni yetu inaweza kupokea picha kutoka kwenye simu bila waya, chochote kilicho kwenye simu kinatokea ukutani. Hatukuwahi kuitumia hivyo. Tulikuwa tumesoma tu kwenye boksi.

Mume wangu ni fundi wa malori, na kitu kisipowaka yeye huwa anafurahi kidogo. Siku ya Jumatano aliunganisha simu yangu na televisheni, tukafungua video ya zamani ambayo dada alitutumia, kwaya yetu ikiimba Pasaka. Picha ilitoka kubwa, safi. Baba alivua miwani, akavaa tena. Aliwatambua wote, pamoja na wawili waliokwisha kufa. Kisha picha ikaganda. Mama mmoja wa sauti ya kwanza alibaki amefumba macho na kufungua mdomo, nasi tukaangalia meno yake kwa dakika nzima.

"Ni simu zinazoingia," mume wangu alisema. Kweli, shangazi alikuwa anapiga kuuliza mgonjwa anaendeleaje. Nikapiga simu kwa ukoo mzima kuwaomba wasinipigie simu, jambo lililowafanya wote wapige tena kuuliza kuna nini.

Alhamisi picha ilikatika chaji ilipofika robo. Mume wangu akagundua kwamba simu, ikiona chaji inapungua, inajiwekea hali ya kubana matumizi na kuzima inachoona si cha lazima. Iliona kwaya si ya lazima. Akaizima hali hiyo, akachomeka chaja. Picha ikatembea vizuri mpaka saa nne, nilipokwenda kumpashia baba maziwa kwenye maikrowevu. Jiko letu limeungana na sebule. Nilipobonyeza tu, kwaya ilianza kurukaruka, wakaimba neno moja kila baada ya mapigo manne, halafu kimya.

"Zima," alisema mume wangu kutoka sebuleni.

Nikazima. Wakaimba.

"Washa."

Nikawasha. Wakanyamaza.

Tulifanya hivyo mara sita, yeye akitikisa kichwa kama anayesikiliza injini. Maziwa yalichemka yakamwagika. Kuanzia siku hiyo maikrowevu ilichomolewa, nikarudi kwenye jiko la mkaa uani, kwenye baridi ya Mbeya, kwa ajili ya kikombe kimoja.

Ijumaa tulikuwa na hakika tumemaliza. Tulimwita mama jirani aje ashuhudie, maana amekuwa akisikia pambio zile zile zikikatika ukutani kwake siku tatu na alishaanza kuuliza kama tuna msiba. Tukawasha. Simu ilikuwa kwenye dirisha la mashariki, kwa sababu nyumba yetu iko chini ya kilima na mtandao unaingia hapo tu. Televisheni ilikuwa ukuta wa magharibi. Katikati kulikuwa na kiti cha baba. Kwaya ikaanza, ikafika mstari wa tatu, ikaganda.

Mama jirani alisema kwake haigandi. Mume wangu akamtazama baba kwa namna ambayo sikuwahi kumwona akimtazama.

"Baba," alisema kwa upole, "una chuma chochote mwilini?"

"Chuma cha nini, mkwe?"

"Chochote tu. Chuma kinaweza kuvuruga mawimbi."

Baba alisimama akaanza kutoa vitu mfukoni na kuviweka mezani, kama mtu aliyefikishwa kituoni. Funguo za nyumba ya Iringa. Kisu cha kumenyea machungwa. Mkanda wenye bizimu kubwa ya shaba, ambao baada ya kuuvua ilimbidi ashike suruali kwa mkono mmoja. Mwisho, kwa shingo upande, akatoa kile chuma cha kwaya chenye meno mawili, anachokigonga gotini na kukiweka sikioni ili apate sauti ya kuanzia.

"Ndiyo hiki," alisema mume wangu. Akakibeba kwa vidole viwili mpaka jikoni, akakifungia kwenye sufuria.

Tukarudia. Mstari wa tatu, ikaganda. Baba akiwa hana mkanda.

Mama jirani alipendekeza tuombe. Aliomba vizuri, akaitaja televisheni na hata nchi ilikotengenezwa. Tulipofumbua macho, kwaya ilikuwa inaimba. Tukaimba nayo mistari miwili, baba akiwa amekaa, kisha ikaganda tena, na mama jirani akaaga akisema ameacha maharage motoni.

Jumamosi mchana ndipo nilipoona. Nilikuwa nimekaa mlangoni nachambua mchele, sitazami televisheni kabisa, namtazama baba. Wimbo ukianza anakaa mikono magotini. Mstari wa kwanza vidole vinacheza. Mstari wa pili viwiko vinanyanyuka. Ukifika wa tatu hawezi tena, anasimama, anainua mikono yote miwili, na hapo hapo wanaganda.

Yeye alikuwa na maelezo yake, na nadhani alikuwa nayo tangu Jumatano ila aliona aibu kuyasema. "Wananisubiri," aliniambia. "Nikiinua mikono wanasimama, wanasubiri ishara." Akashusha mikono, akakaa. Baada ya muda wakaendelea. "Unaona? Sasa wameanza bila mimi. Hiyo ndiyo tabia ninayoikataa."

Nikamwita mume wangu. Tukamwomba baba asimame: wakaganda. Tukamwomba akae: wakaimba. Tukamsimamisha mume wangu pale pale: wakaganda. Mimi nikasimama: wakasuasua, kwa sababu mimi ni mwembamba. Hapo mume wangu alielewa, na alionekana kama mtu aliyevuliwa cheo. Simu na televisheni zilikuwa mbali mno, zinapeana mawimbi kwa shida, na kila mwili uliosimama katikati ulikuwa ukuta.

"Baba," nilisema, "ukiongoza umekaa, picha haitakatika."

"Kwaya haiongozwi kwa kukaa."

"Lakini hawakuoni."

"Mimi najiona."

Kiti hakikuweza kuhama, kwa sababu upande wa pili jua lingempiga machoni, na simu ikitoka dirishani mtandao unapotea. Ikabaki kuipandisha simu. Mume wangu alichukua soksi yake ya kazini, akaikata kwenye vidole ili waya wa chaja upite, akaitia simu ndani, akaining'iniza kwenye bomba la pazia. Mawimbi yakapita juu ya kichwa cha baba. Baba alisimama, akaongoza Pasaka nzima mpaka amina, na walipomaliza akawapa mkono wa kukaa. Mume wangu alirudishiwa furaha yake. Mkanda na chuma cha kwaya vilirudi kwa mwenyewe.

Jumapili baba aliamka mapema akavaa suti. Alivaa na viatu, ndani, kwenye zulia. Mama jirani alirudi akiwa na kitenge cha kanisani, tukakaa watatu kwenye kochi na baba kwenye kiti chake. Saa tatu kamili kanisa letu la kijijini likatokea ukutani. Nililiona paa jipya, nikaona ukungu mlangoni, nikamwona dada yangu akipita na vikombe vya wageni. Baba alishika magoti akasema taratibu, "Kamwene," akiwasalimia kwa Kihehe. Mama jirani aliitikia kwa niaba yao.

Picha haikukatika hata mara moja. Mahubiri yalipita, salamu za wageni zikapita, na kwaya ikaitwa mbele. Hapo juu ya vichwa vya wanakwaya ukashuka utepe mweupe wenye maandishi. Ulikuwa ujumbe wa dada, umeingia kwenye simu, na kwa kuwa kila kilicho kwenye simu kilitokea ukutani, ulitokea kwa herufi zenye ukubwa wa mkate:

"Wimbo wa tatu ni ule wa baba. Wameuwekea kinanda cha umeme na wanaucheza. Tafadhali ukianza, fanya kama mtandao umekatika."

Siku nne nzima tulikuwa tumehangaika ili picha isikatike. Nilisimama niifikie soksi, lakini haikufikika bila stuli. Nikajipa moyo kwamba baba hawezi kusoma. Miaka mitano alikuwa hajasoma hata jina lake kwenye kadi ya sadaka.

Baba alisoma. Alisoma kwa sauti, neno kwa neno, kama mtoto wa darasa la pili, mpaka nukta ya mwisho. Tulikuwa tumesahau kwamba ndicho alichokuja kutibiwa.

Kwaya ilikuwa kwenye wimbo wa kwanza. Baba alitoa leso akafuta miwani, ingawa haikuwa na kitu.

"Usikate," alisema.

"Sikuwa nimepanga kukata, baba."

"Ulikuwa unatafuta stuli."

Nikakaa. Wimbo wa pili ukapita, na wa tatu ukaanza. Ule wimbo aliutunga kabla sijazaliwa, wa taratibu, wa kuimbwa umesimama wima kama mti. Kinanda kikapiga ngoma zake. Wanakwaya wakaingia wakikimbia, mabega yakipanda na kushuka, wakageuka kushoto wote pamoja, wakageuka kulia. Aliyewaongoza alikuwa mama ambaye baba aliwahi kumfukuza kwaya kwa kutafuna bazoka kwenye ibada ya Ijumaa Kuu.

Baba alisimama. Nilidhani anakwenda chumbani. Alipita pembeni ya meza, akaenda kusimama kando ya televisheni, akaipa mgongo, akatutazama sisi watatu kwenye kochi. Akatoa chuma chake, akakigonga kwenye ngumi kwa sababu haruhusiwi kuinama afikie goti, akakisikiliza. Kisha akainua mikono.

Sikuwa nimeuimba wimbo ule tangu nilipokuwa msichana, lakini mkono wa baba ukiinuka mdomo wangu hufunguka wenyewe. Mume wangu, ambaye ni Mnyakyusa na hajawahi kuujua, alipewa sauti ya nne kwa kunyooshewa kidole. Mama jirani akapewa ya pili. Tuliimba kwa mwendo wa baba, huku nyuma yake ukutani kwaya yake ikiruka na kuzunguka kwa mwendo wao. Walitupita kwenye mstari wa kwanza. Tulipofika kiitikio wao walikuwa wameshamaliza, watu wanapiga vigelegele. Tulipofika ubeti wa tatu mzee wa kanisa alikuwa anatangaza kwamba kuna gari limeziba njia ya mpishi. Mume wangu alitaka kuacha, baba akamkazia macho yake mapya, akaendelea. Tulimaliza peke yetu. Baba alitupa mkono wa kukaa, ingawa tulikuwa tumekaa tayari.

"Wewe," alimwambia mume wangu, "umekuwa chini ya sauti muda wote. Lakini hukukimbia."

Hakurudi kwenye kiti. Aliigeukia televisheni akabaki amesimama, akiwatazama wanakwaya wakila keki, akitaja majina.

Muda mfupi baadaye simu ililia ndani ya soksi, jina la dada likatokea ukutani. Nikapanda kwenye stuli kuipokea, kwaya ikatoweka. Hakuwa dada. Alikuwa yule mama wa bazoka, ameazima simu. Nikaweka sauti ya nje.

"Mwalimu, shikamoo," alisema. "Tumeambiwa umetuona."

"Marahaba. Nimewaona. Mlikuwa mnakimbia wapi?"

Nikasikia sahani zikigongana. "Vijana wanapenda hivyo, mwalimu. Zamani walibaki tisa. Sasa wako thelathini na wawili."

Baba aliangalia ukuta uliokuwa mweusi sasa. "Nimewahesabu," alisema. "Thelathini na mmoja."

"Mmoja yuko kwenye kinanda, mwalimu, hukumwona."

"Msogeze mbele basi," baba alisema. "Anajificha nini kama kazi yake ni halali."

Akanirudishia maongezi kwa ishara ya mkono, akaenda kubadilisha suti. Tulikula wali na kuku aliopika mume wangu kwa mkaa, na baba akamwomba mama jirani arudie ile sauti ya pili, kwa sababu kuna mahali pamoja aliyumba.