Vitabu Walivyokula Mbuzi Wetu

Wenzangu mnaosoma kurasa hizi za kumbukumbu, nawaomba mnivumilie. Mwandiko wangu ni mbaya na herufi zingine huenda nimezikosea. Niliishia darasa la nane, na tangu hapo mikono yangu imezoea mkokoteni wa maji kuliko kalamu. Sentensi moja hunichukua muda mrefu. Mbele za watu mdomo wangu ni mzito zaidi, ndiyo maana nimechagua kuandika.

Tulipokuwa wadogo hapa Lodwar, upande wa Nawoitorong, tulichimba maji kwenye mchanga wa mto na kunywa kwa viganja. Tulipasua makoma, yale matunda magumu ya mkoma, kwa mawe, tukatafuna mpaka meno yakawa ya kahawia. Tulicheza mpira wa mifuko ya plastiki iliyofungwa kwa kamba, peku, juu ya changarawe iliyochomwa na jua. Ukigonga jiwe, ukucha ukang'oka, ulipaka vumbi ukaendelea. Watoto wa leo simu ikiishiwa chaji wanalala chini kama wagonjwa.

Jirani yetu alikuwa karani wa ofisi ya serikali, mtu wa Bungoma, na mama alimfulia nguo. Alipostaafu, watu wa basi la Kitale walikataa kupakia maboksi yake yote. Akamwita mama.

"Mama Akiru, nguo nabeba. Hivi vitabu nakuachia."

"Asante, baba. Lakini mimi sijui kusoma."

"Kwani nimekupea wewe? Nimepea hao," akasema, akitunyooshea kidole. Mama akacheka, akajitwika boksi la kwanza.

Sijui karani alivikusanya vipi, maana havikufanana hata kidogo. Kulikuwa na hadithi za watoto, zenye picha na karatasi zinazong'aa: bata aliyekwenda shuleni na mwavuli, kifaru aliyeogopa kinyozi. Kulikuwa na kitabu cha kufuga nyuki na kingine cha kupika keki. Hicho cha keki kilikuwa chakula chetu cha mchana siku ambazo jiko halikuwashwa. Tulikifungua, kila mtu akachagua keki yake, na ukichagua ya mwenzako mlipigana kweli.

Na kulikuwa na kimoja kinene, karatasi laini za manjano, jalada lilishatoka zamani. Hicho kilieleza jinsi watu wa kawaida walivyoishi Uingereza zamani. Si wafalme. Watu wa kawaida. Mimi Kiingereza kilinishinda, lakini dada yangu Akiru, aliyekuwa darasa la nane wakati huo, alikisoma kwa sauti na kutugeuzia kwa Kiturkana. Jioni kabla jua halijazama, mama alikaa mlangoni akisuka mkeka, akisikiliza huku akijifanya hasikilizi.

Akiru alisoma kwamba walikuwako Wazungu waliolala familia nzima chumba kimoja. Kwamba watoto walishuka ndani ya mashimo kutoa makaa.

"Makaa yanachimbwa?" mama akauliza. "Si yanachomwa?"

"Yao yalichimbwa, mama. Na walikula mkate na chai, siku zingine chai tu."

"Ng'ombe wao walikufa?"

"Hawakuwa na ng'ombe."

"Basi ndiyo maana," mama akasema, akarudi kwa mkeka wake.

Lakini siku Akiru aliposoma habari ya jumba la maskini, mama aliacha kusuka. Aliyeshindwa na maisha alipelekwa huko, mume akawekwa upande huu, mke upande ule, watoto kwingine, na chakula kikapimwa.

"Anayewapa chakula anawatenganisha kwa nini?"

"Kitabu kinasema ni ili wasipende kukaa humo."

Mama aliuweka mkeka kando. Kisha akasema, "Hata sisi tukipewa mahindi ya msaada tunapangwa juani kwanza."

Tangu siku hiyo Akiru alishikwa na kile kitabu. Alitaka kujua jambo moja: wale watu walitokaje kwenye umaskini ule? Wazungu tuliowaona Lodwar walipita kwa magari makubwa, chupa za maji baridi mkononi. Watoto wao hawakushuka mashimoni tena. Basi katikati kulitokea nini? Nani alianza? "Lazima imeandikwa huko mwisho," alisema. Sisi tulimwambia aruke mbele. Alikataa. Alisema akiruka hataelewa.

Akiru alifaulu mtihani, akaitwa shule ya sekondari. Mama alikuwa na kundi dogo la mbuzi, na alikuwa ametuonya, "Hawa ni shule ya Akiru. Nisimwone mtu akiwatupia mawe." Ila mvua ilikataa mwaka ule. Majani yakaisha, kisha maganda ya miti, kisha hata miiba. Nyinyi wa huku mnajua kinachofuata. Watu waliokota maboksi ya maduka, wakayaloweka na chumvi kidogo, wakawalisha mbuzi. Maboksi nayo yakawa ya kugombaniwa.

Mchana mmoja mimi na Akiru tulirudi kutoka mtoni na mitungi, tukamkuta mama ameinama juu ya karai. Mbuzi walikuwa wamemzunguka, wanasukumana. Kando yake kulikuwa na boksi la karani. Hadithi za watoto alikuwa amezijaribu kwanza, lakini mbuzi walizilamba wakaziacha, kwa sababu ya kule kung'aa. Kitabu kinene walikipenda.

Akiru hakutua mtungi. "Mama, umeanza wapi?"

"Hapa."

Alionyesha nyuma. Nusu nzima ya mwisho haikuwapo tena.

"Huo ulikuwa mwisho, mama."

"Kwani mwisho una nini? Ulisema wote ni maskini."

"Nilitaka kujua walitokaje."

Mama alitumbukiza mkono kwenye karai akatafuta. Karatasi zilikuwa zimekuwa uji. Alitoa kipande kimoja tu chenye picha, akakitandaza juu ya jiwe kwa vidole vyake vikubwa, polepole, kama anayelaza mtoto. Ilikuwa picha ya watoto wengi wamesimama na vikombe, wamevaa viatu, wanacheka. Maneno ya chini yake yalikuwa yamefutika.

"Ona, walitoka," mama akasema.

"Lakini walitokaje?"

Mama aligeuka kuwatazama mbuzi. Mbuzi mmoja alikuwa amelala ubavu na hakuwa ameinuka tangu asubuhi. Akiru alimtazama yule mbuzi, akatua mtungi, akaketi chini. Akaichukua nusu iliyobaki, akaanza kuchana mwenyewe. Kila ukurasa aliusoma kwanza, mdomo ukicheza bila sauti, kisha akauweka kwenye maji.

Mbuzi waliokula kitabu walifika mwisho wa kiangazi. Ndipo mvua ikaja, kubwa, ya baridi, siku mfululizo. Mnyama aliyekonda hawezi mvua ya kwanza. Tuliwakuta asubuhi wamelala pamoja ukutani, wamelowa. Mama hakulia. Alisema tu, "Tuwachune kabla hawajaoza."

Akiru alikwenda Kakuma kwa shangazi, akapata kazi ya kufua nguo kwenye kambi ya wakimbizi, kwa mama mmoja wa Sudan Kusini. Yule mama alimpenda, akamwita binti yangu. Alipopata safari ya kuhamia ng'ambo alimwuliza amletee zawadi gani. Akiru alisema hataki kitu, ila akifika awaulize wenyeji wa huko jinsi maskini wa zamani walivyotoka. Hatujasikia neno kutoka kwa yule mama.

Sasa Akiru ana watoto watatu na bado anafua. Nimejaribu na simu. Kijana wa bodaboda aliandika kwa niaba yangu, "maskini wa Uingereza", tukaletewa timu za mpira na jinsi zilivyofungwa. Alicheka mpaka akashikilia pikipiki. Wadogo zetu wana dunia nzima kiganjani na hawana swali hata moja la kuiuliza. Sisi tulikuwa na swali moja na nusu ya kitabu. Kiangazi kimerudi tena, na mwezi uliopita nilipofika Kakuma, Akiru aliniuliza kama, ninapouza maji, sijakutana na mtu aliyesoma kitabu kile. Nikasema bado. Akaendelea kukamua shuka.

Kwa hiyo nawaomba. Kama yupo kati yenu aliyesoma kitabu cha namna hiyo, chochote, akakimaliza, aniandikie kupitia wachapishaji wa kurasa hizi. Aeleze nani alianza, na walifanya nini. Asione haya kuandika kwa urefu, nitasoma polepole mpaka nimalize, halafu nimpelekee Akiru. Na kama ukweli ni kwamba wengine hawakutoka, mwandike hivyo pia. Msituachie nusu.