Siku Niliyosema Niko Kwenye Barafu

Hii aibu nilitaka kuzikwa nayo, lakini kwa vile Josphat Momanyi anaizungusha mji mzima wa Richfield akijitoa yeye, wacha niisimulie mwenyewe, na majina nitataja. Mimi shule niliachia darasa la saba, lakini dishi la setilaiti nalijua. Nilifunga madishi Kisii kabla hata Momanyi hajajua kuvaa tai. Huku Minnesota nimenyanyua wazee kwenye nyumba ya wazee pale Golden Valley miaka kumi na moja, mgongo umekwisha, kwa hivyo Momanyi, mwenye kikampuni chake cha intaneti, aliponiita akaniambia, "Mzee, kuna kisiwa huko kaskazini hakina intaneti. Kifungie dishi vizuri, na wiki ijayo hiyo kazi ya kunyanyua watu unaacha," nilikubali kabla hajameza chai.

Kisiwa chenyewe kiko katikati ya ziwa, kina familia kumi hivi, wengi wazee, na wakati wa baridi hakuna boti, unapita na gari juu ya barafu. Umesikia vizuri. Juu ya maji. Niliondoka alfajiri na vani ya Momanyi, na kadiri nilivyokaribia ndivyo nilivyozidi kupunguza mwendo, mpaka nikajikuta nimeegesha kwenye kituo cha petroli, safari ya saa nzima kabla ya ziwa, nakula kuku wa kukaanga, kipande baada ya kipande (mtu hazami akiwa anakula).

Saa saba na nusu simu ikalia. Alikuwa Doris, mama anayesimamia mambo ya kisiwa, anapiga na simu ya waya ya nyumbani kwake. "Umefika wapi?" Sasa jamani, ninyi mnajua sisi. Mtu akikuuliza umefika wapi na uko bafuni, unamwambia uko barabarani. Hiyo kwetu si uongo, ni heshima, hutaki kumvunja moyo. Nikamwambia, "Niko kwenye barafu sasa hivi, mama, nakuja." Nikarudi kwa kuku wangu.

Kitu ambacho Momanyi aliambiwa na hakuniambia ni hiki: watu wa kile kisiwa mtu akisema yuko kwenye barafu, wanaangalia saa. Kuvuka ni dakika ishirini. Zikipita thelathini, wanatoka na kamba. Doris akasubiri, akanipigia simu haishiki, maana nilikuwa nimeshaondoka pale kituoni na mbele hakuna netiwaki. Akampigia Momanyi. Na Momanyi, badala ya kusema hajui, akajibu (haya ni maneno yake mwenyewe, asikatae), "Ndiyo, ninamwona kwenye treka, yuko katikati ya ziwa." Vani haina treka, haina chombo chochote cha kuonyesha iko wapi! Haina hata hita ya kueleweka!

Nilipofika ufukweni karibu saa tisa, nikaona watu wametapakaa juu ya ziwa kama siagi. Nikaingia polepole, mlango wazi, mguu mmoja nje, namtaja Mungu kwa Kikisii. Doris akanikimbilia akalia begani mwangu. Mume wake Walter, mzee wa miaka sabini na kitu, alikuwa amelowa kifua kizima kwa sababu alifungwa kamba kiunoni akalala kifudifudi akichungulia kwenye ufa, ananitafuta mimi. "Ilikuwaje?" wakaniuliza. Nikasema nilipotea njia. Walter akasema, "Masikini," akanivisha glavu zake.

Doris akataka tumjulishe Momanyi. Nikasema hapana, nifunge dishi kwanza, nimpigie nikiwa na habari njema, kazi nisije nikaipoteza. Na nilifunga! Vidole vimekufa ganzi, lakini dishi lilikaa sawasawa, intaneti ikaingia kwenye ukumbi wao kama maji. Watu wote wakaja na viatu vyao vilivyolowa, wakanipigia makofi. Doris akasema tuijaribu, nimpigie mke wangu kwa video, kwenye ile skrini yao kubwa ya ukutani.

Kerubo akapokea bila kuangalia. Nyuma yake sebule yangu imejaa watu, wamama wa kanisa wanaimba, sufuria ya chai iko mezani, na namsikia Shemasi Nyaribo wazi kabisa, "Na ile mashine yake ya kuondolea theluji, mama, usije ukamuuzia mtu wa nje." Kwenye kiti changu, daftari la kamati ya mazishi mapajani, ameketi Momanyi.

"Kerubo," nikaita.

Wimbo ukakatika. Mtu akaangusha kikombe. Kerubo akasogeza uso mpaka skrini yote ikawa yeye. "Baba Moraa? Si umezama?"

"Sijazama."

Doris akaniuliza wanasema nini. Nikamwambia wanafurahi. Hapo ndipo binti yangu Moraa, anayeelewa Kiswahili lakini hujibu kwa Kizungu tu, akapenya mbele akapaza sauti, na kila mtu pale ukumbini akamwelewa: "Niliwaambia! Kwenye ramani simu ya baba ilikuwa kwenye kituo cha petroli mpaka karibu saa nane! Hakuna aliyenisikiliza!"

Walter, bado anatetemeka ndani ya blanketi, akaniangalia bila hasira, na hiyo ndiyo iliniua. "Wakati nimelala kwenye ule ufa," akauliza, "wewe ulikuwa unafanya nini?"

Ningeweza kudanganya. Nikasema, "Nilikuwa nakula kuku."

Momanyi akafunga daftari. "Mzee, kazi hakuna," akasema mbele ya kanisa lote, mwongo mwenzangu, mwenye treka! Nafasi akampa shemeji yake, mtu asiyejua dishi linaangalia wapi. Mimi Jumatatu nilirudi Golden Valley kunyanyua wazee, na kila nikimgeuza mmoja namwona Walter.

Siku hizi nipigie uniulize nimefika wapi. Nitakuambia niko nyumbani, sijaoga, suruali sijavaa. Kerubo anasema ya suruali si lazima. Mimi nasema ni lazima.