Ndiyo za Mwashi

Miaka ishirini na miwili ya kushona mashuka ya hospitali ilimpa Mama Maana vitu viwili: miwani, na ulimi usioogopa daktari. Jina hilo alibandikwa na manesi, kwa sababu hakuna neno lililopita mbele ya cherehani yake bila kuulizwa, "Maana yake nini?" Ndivyo alivyojua kwamba ugonjwa sugu ni ule unaokaa na mtu muda mrefu, si lazima umzike. Uvimbe nao si lazima uwe saratani. Kuuliza si ujinga, na yeye hakuona haya kuuliza hata mara ya tatu.

Mdogo wake, mwashi, alikuwa kinyume chake kabisa. Huyo mtu akinyoosha ukuta, unanyooka, lakini akiona koti jeupe hunywea akawa mpole kama kondoo. Alikuwa na ngiri, na siku hiyo alikuja kutia saini ili apasuliwe kesho yake. Mama Maana akaacha kazi yake, akaenda kuketi naye.

Daktari alikuwa kijana mwenye haraka zake. Alisoma fomu bila kuinua macho.

"Umeelewa habari ya ganzi?"

"Ndiyo."

"Na madhara yanayoweza kutokea?"

"Ndiyo, daktari."

"Kuna antikoagulanti yoyote unayotumia?"

"Hapana, daktari."

Dada mtu akaichukua kalamu mezani, akaitia mfukoni.

"Mama, nina wagonjwa kumi na wawili nje," daktari akalalamika.

"Na huyu yuko ndani. Hilo neno la mwisho, maana yake nini?"

Daktari akashusha pumzi. "Ni dawa za kuzuia damu isigande."

Mwashi akainua kichwa. "Aa! Si kile kidonge changu cha moyo? Nakunywa kila jioni. Kule kliniki waliniambia kinafanya damu isigande."

Daktari hakuwa na hasira tena. Alikuwa na aibu, na ilimstahili. Akaifuta tarehe ya kesho. Akaeleza polepole kwamba ukimpasua mtu mwenye dawa hiyo mwilini, damu yaweza kutoka isizuilike. Akasema atazungumza kwanza na daktari wa moyo, na mwashi asithubutu kuacha kidonge hadi aambiwe.

Mama Maana akamgeukia mdogo wake, macho yamejaa machozi na hasira.

"Ndiyo, ndiyo, hapana! Hivi ungeniachia watoto wako hivihivi?"

"Nisamehe, dada. Niliogopa kuonekana mjinga."

Mwashi akajifuta uso kwa kiganja kilichokakamaa kwa saruji, akavuta kiti mpaka magoti yakagusa meza.

"Daktari, tuanze upya. Nina mwaka wa nne nayo hii ngiri. Ngiri ni nini?"