Aliyemsikia Peke Yake

Mimi ni fundi wa redio, na kabla hujauliza, ndiyo, ni mwanamke. Mpaka leo wapo wateja wanaofika kwenye kibanda changu cha Igoma, wananisalimia vizuri, halafu wanauliza fundi yuko wapi. Nawajibu ameenda kula. Wakishachoka kungoja, nawaambia, haya, leteni hiyo redio.

Mume wangu naye ni fundi, wa umeme. Tulikutana chuoni, na kilichotuunganisha hakikuwa sura, maana upande huo hakuna kati yetu aliyejaliwa sana. Ilikuwa setilaiti. Mwalimu wetu alitusimulia kwamba angani kuna setilaiti ndogo ya watu wa redio za ridhaa, watu wanaorusha mawimbi kwa kupenda tu, bila mshahara. Ilipelekwa huko kabla mimi na yeye hatujazaliwa. Betri zake zilikufa, ikanyamaza miaka mingi, watu wakaihesabu marehemu, kisha siku moja ikasikika tena. Mpaka sasa inaishi kwa jua. Jua likiipiga, inaongea. Ikiingia kwenye kivuli cha dunia, inazimika, na ikitoka inaamka upya kama vile haijawahi kuishi.

Tuliunda antena kwa vijiti vya aluminiamu vya antena mbovu za televisheni na kipande cha bomba la plastiki. Siku ya kwanza tulipoisikia ikipanda kutoka upande wa ziwa, pi pi pi pi, pi pi, mume wangu, wakati huo mchumba, alivua kofia akasema, "Shikamoo." Nilicheka mpaka antena ikanitoka mkononi. Akanikemea. "Usicheke, huyu ni mkubwa wetu." Tangu hapo tukaiita Mzee, na hakuna kati yetu aliyemsikiliza bila kumwamkia kwanza.

Alipopata kazi mgodini Geita, tuliunda antena ya pili, akaenda nayo pamoja na redio ndogo. Mimi nikabaki Pasiansi, hapa Mwanza, kwa makubaliano kwamba ni kwa muda tu, kisha atarudi. Kwa aliye juu vile, Mwanza na Geita ni uwanja mmoja. Mzee akipita kwangu amepita na kwake. Basi kila alipopita mchana au jioni, kila mtu alisikiliza alipo, halafu mimi namwandikia, "Umemsikia?" Naye anajibu, "Nimemsikia." Mambo ya bati linalovuja na mama anayeumwa yalikuwa na simu zake. Hili lilikuwa letu. Kwa robo saa, mtu niliyemkosa mezani na kitandani na hata kwenye kugombana alikuwa amesimama mahali fulani ameinua uso kule kule nilikoinua mimi. Nilimtamani mume wangu, sioni aibu kulisema. Nilitamani hata kikohozi chake cha asubuhi.

Kuja alikuwa anakuja. Mwanzoni kila mwisho wa mwezi, halafu sikukuu, halafu misiba. Jirani yangu, mama mmoja wa Kisukuma mwenye ulimi usiokuwa na breki, alikuwa akinikuta uani na antena yangu ananiambia, "Hiyo setiraiti yako inakuja sana kuriko mume wako." Nilimnunia wiki nzima, kwa sababu alisema kweli.

Mwaka huu ukafika ule msimu ambao Mzee huingia kivulini kila mzunguko, na alipotoka, hakuamka. Nilisimama uani nikapata mvumo mtupu. Nikakagua waya, nikabadilisha betri za redio, nikamtafuta hata kwenye masafa mengine, maana akiamka vibaya hubadilisha mahali pa kuongelea. Kimya. Nikaingia mtandaoni, kwenye ukurasa ambapo wasikilizaji huandika nani amemsikia na nani amemkosa. Japani, hakuna. Brazili, hakuna. Mtu mmoja wa Ufini aliandika kwamba anaogopa safari hii ndiyo ya mwisho.

Nikachukua simu nimpe mume wangu habari ya msiba. Kidole kikafuata mazoea, kikaandika, "Umemsikia?"

"Nimemsikia," akajibu. "Leo yuko safi kabisa."

Nikakaa chini pale pale kwenye jiwe. Dunia nzima, aliyemsikia ni mume wangu peke yake.

Huzuni haikuja kwanza. Ilikuja hasira, na mimi nikikasirika huwa natulia sana. Nikampigia.

"Mzee leo anasemaje?"

"Kama kawaida yake."

"Umemwamkia?"

"Nimemwamkia, ningeachaje?"

Njia ya mwongo ni fupi, na yake nilimwacha aitembee mpaka mwisho. Kisha nikamwambia kwamba Mzee hajasikika Japani, wala Brazili, wala hapa uani kwangu. Akashusha pumzi. Akasema antena ilivunjika alipohama chumba, na ile redio alimwachia mwenzake wa kazini.

"Lini?"

"Zamani kidogo."

"Zamani ya lini?"

"Mvua za mwaka juzi."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, ungeacha kuniuliza."

Hilo sikulitegemea. Nilijiandaa kusikia mwanamke, nikajiandaa kusikia pombe, na kila kimoja nilikuwa nimekiandalia matusi yake. Kwa hili sikuwa na tusi. Nikamwambia tu, "Daraja la Kigongo limeshafunguliwa, hakuna tena kungoja kivuko. Njoo."

Akaja Jumamosi. Mzee naye alikuwa ameamka katikati ya wiki, kwa shida, na wale watu wa mtandaoni walikuwa wakipongezana kama wamepata mjukuu. Nilipika sato na ugali wa muhogo, tukala. Alasiri tukatoka uani, nikampa antena aishike yeye. Mkono ulikuwa umesahau. Ikabidi nimshike kiwiko nikielekeze ziwani, na nilipokishika nilitamani Mzee achelewe.

Hakuchelewa. Pi pi pi pi, kwa mbali sana, akizama kwenye mvumo, akiibuka, akizama tena. Tuliinamia redio mpaka vichwa vikagusana. Nikangoja amwamkie. Hakumwamkia, alikuwa anasikiliza, na uso ulikuwa umembadilika.

"Kumbe amechoka hivi," akasema.

"Muda mrefu sasa."

"Na mimi nakuandikia yuko safi."

Akanigeukia akanitazama, nadhani kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye basi. "Na wewe?"

Nilikuwa na jibu langu la kwenye simu, mimi mzima, hofu kwako. Likakataa kutoka. "Nimechoka kukungoja," nikasema. "Nataka ukae hapa. Kama huwezi kukaa, basi nisikuulize kitu tena na wewe usinijibu."

Mzee alishateremka kusini, redio imebaki na mvumo, na hakuna aliyenyoosha mkono kuizima.

Jumapili baada ya chakula alikunja nguo zake. Alisema zamu yake inaanza Jumatatu alfajiri, kazi haiachwi kama mtu anavyovua kandambili, atalifikiria. "Lifikirie," nikamwambia, kwa sauti ile ile ninayompa nayo mteja redio yake iliyopona. Sikumsindikiza stendi. Nikaosha vyombo. Nikaviosha tena, vilikuwa safi. Ilikuwa katika kuviosha mara ya pili ndipo nilipojua kwamba nimejitia ushujaa nisiokuwa nao. Nilikuwa nayataka yale majibu yake, hata ya uongo. Nilikuwa nayataka kuliko kuwa na haki. Nikafuta mikono kwenye kanga, nikampigia nimwambie ashuke popote alipo, achukue gari la kurudi, tutaongea vizuri, na tukishindwa basi aendelee kunidanganya.

Enzi za kivuko ningemkuta Kigongo, upande huu wa maji, kwenye foleni, basi limezimwa, abiria wananunua mahindi ya kuchoma, na mtu ana muda wa kubadilisha mawazo.

"Nimeshavuka," akasema. "Tunaiacha Busisi sasa hivi."