Mbili Juu ya Mbili

Kwenye benchi la kliniki ya macho hapa Mbeya, mama mmoja alikuwa akimchezesha mumewe karata za kwenye simu. Mzee alikuwa amefungwa bandeji macho yote, akisubiri kufunguliwa ajue kama ataona tena.

“Weka mbili yetu juu ya mbili ya simu, tusiokote karata,” mzee akasema.

“Imekataa, baba.”

“Mbona juzi yenyewe iliweka mbili juu ya mbili yetu? Sheria gani hiyo, leo hivi, kesho vile?” Mzee akapapasa bandeji yake.

Nikiwa nimeketi kando yao, nikachungulia simu. Ilikuwa imeandika kwamba wameshindwa. Mama akamshika mkono.

“Sasa imekubali. Tumeshinda.”

“Si nilikwambia,” mzee akasema, akitabasamu.

Mama akanitazama, kidole mdomoni. Nami, ninayejigamba kuandika ukweli gazetini kila wiki, nikasema, “Hongera, mzee. Nimeona mwenyewe.”