Kuiongezea Kasi Kompyuta ya Mjomba

Mimi nina kichwa kigumu, na kompyuta inayogandaganda hunipandisha hasira mpaka leo. Ila ile ya mjomba ilinishinda.

Mjomba, mdogo wake mama, alivuka ziwa kutoka Kongo wakati wa vita, akashukia kwenye mwalo wa Katonga na kasha la kompyuta lililofungwa kwenye turubai. Mwanawe wa pekee ndiye aliyeng'ang'ania kulibeba. Kijana aliuawa njiani, kabla hawajaufikia mtumbwi, baba yake akalibeba yeye. Majirani zetu wa mtaa wa Rusimbi walisema mkimbizi apelekwe kambini. Mama akawajibu kwamba ndugu yake si mzigo, na wasirudie kumwambia.

Tuliazima skrini, tukawasha. Ndani mlikuwa na mchezo wa mpira, na ligi ambayo kijana aliiacha katikati. Mshambuliaji alikuwa amempa jina lake mwenyewe. Mjomba, ambaye hata chai alikuwa hagusi, akavuta stuli na kuniomba nimchezeshe yule mshambuliaji. Nikacheza. Alipolikaribia goli mchezo ukaganda, yeye mguu juu. Mjomba akainuka akatoka nje. Ikawa hivyo kila siku, nikaichukia ile mashine kama mtu.

Dawa niliijua: kuilazimisha prosesa, ubongo wa kompyuta, ikimbie kuliko kiwanda kilivyoipangia. Tatizo joto. Feni ilikuwa inakoroma tayari, na umeme wetu wa jenereta za mji, loo, huo haukuwa wa kuaminiwa hata na pasi. Mashine ingeweza kuungua na vyote vilivyomo, na pa kuvinakilia hatukuwa napo. Sikuwa na ubavu wa kuamua peke yangu. Nikamweleza mjomba yote, nikamwambia ingekuwa mimi ningeiongezea kasi.



"Acha, mwanangu," akasema. "Akiganda, bado yuko."

Nikaacha. Roho iliniuma, maana nilitaka kumwona yule kijana akifunga, nami nilikuwa nimeshampenda bila kumjua.

Haikupita wiki, umeme ukakatika mchana, ukarudi kwa nguvu. Balbu zikapasuka, kasha likafuka moshi. Fundi alilifungua, akanusa, akasema diski imekwenda na hataki kutudanganya. Mama alilia. Mimi niliutukana umeme mpaka sauti ikakauka.

Mjomba alilifunga kasha tena kwa lile turubai, mafundo yale yale. Kisha akaniambia, bila hasira, "Kumbe tungemwacha akimbie."